Walinzi wa Rangi ya Kahawia

Kabla kaka yake hajaugua, Daktari alikuwa mtu asiyejua kinyaa. Kazi yake ilikuwa kukata vipande vya watu na kuvitazama kwenye darubini: matumbo, matiti, vidole vilivyooza kwa kisukari, tezi zilizojaa usaha. Angeweza kufungua ndoo ya fomalini, ile dawa kali ya kuhifadhia vipande hivyo, asubuhi, akainua kipande cha utumbo mweusi kwa mikono miwili, akanawa, kisha akaenda kunywa chai na mkate bila kukunja uso. Wageni wa maabara walipotoka mbio wamejiziba midomo, aliwachekea kwa upole na kuwaambia kwamba mwilini hakuna uchafu, kuna habari tu. Tangu utotoni, panya akifia chini ya kabati, aliyeitwa ni yeye.

Kaka yake, kifungua mimba wa familia, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaa mzima ulimwita Cheche, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya mdomo wake uliokuwa hauishi utani. Alitengeneza mageti, madirisha, na vitanda vya wodi ambavyo magurudumu yake hayapigi kelele. Ugonjwa wake ulianza kwa harufu. Alisikia mpira unaungua. Akazunguka karakana akinusa kila waya, akazima mashine, akawafokea vijana wake, na bado mpira uliungua puani mwake peke yake. Baadaye majina ya vitu yakaanza kumpiga chenga. Akitaka nyundo, anaomba kijiko. Watu wakacheka, naye akacheka nao, wakidhani ni zile zile zake. Siku aliyovaa barakoa ya kuchomelea kisogoni, akabaki amesimama akigusagusa uso wake mtupu kama anayetafuta mlango, kicheko kilikatika.

Akapigwa picha ya kichwa, akapasuliwa. Daktari wa upasuaji alitoa alichoweza kutoa. Kilichobaki kilikuwa kimejichimbia karibu na mahali pa maneno, na kukifuata huko kungemwacha mtu bubu. Kipande kilichotoka kikatiwa kwenye kichupa, kikapelekwa maabara ile ile anayofanyia kazi mdogo wake.

Mkuu wa maabara, mwanamke mtu mzima waliyemwita Profesa, ndiye aliyemfundisha Daktari kazi. Alimkataza katakata kukigusa kile kichupa. Akakikata mwenyewe, akakisoma mwenyewe, akaandika majibu. Ndipo akamwita ofisini, akafunga mlango, akamwonyesha kiti upande wa pili wa darubini ile ya watu wawili.

Kioo cha kwanza kilikuwa na rangi za kawaida, waridi na zambarau, na Daktari hakuhitaji kuambiwa. Seli mbaya zilikuwa zimesongamana, nyingine zimejipanga kuzunguka sehemu zilizokwisha kufa. Alijua jina la uvimbe ule na alijua tabia yake. Aliumia, lakini aliumia kimyakimya, kama mtu aliyekwishaona mvua inakuja.

Profesa akaweka kioo cha pili. Hiki kilipakwa rangi inayoshika seli za kinga peke yake na kuzigeuza kahawia, nyingine zikabaki buluu.

"Niambie unaona nini," Profesa akasema, vile vile alivyokuwa akimuuliza enzi za uanafunzi.

"Naona walinzi."

"Ni wengi?"

Daktari alisogeza kioo huku na huku kabla ya kujibu. "Wanakaribia nusu ya uvimbe wote."

Walinzi hawa alikuwa akiwafundisha wanafunzi kila mwaka. Katika ubongo mzima ni seli nyembamba zenye mikono mirefu yenye matawi, mikono isiyotulia, inapapasa, inaonja, inafagia. Kikifa kitu wanakila. Akiingia mgeni wanapiga kelele, na wenzao waliomo kwenye damu wanakuja kusaidia. Lakini hawa wa Cheche walikuwa wamekunja mikono yao. Walikuwa wa duara, wazito, wameshiba, wamejibana katikati ya seli mbaya kama ndugu na ndugu. Uvimbe ndio uliowaita. Unatoa harufu ya shida, wao wanakimbilia, na wakifika unawafuga. Hawaui tena. Wanautolea uvimbe vitu vya kuukuza, wanatafuna nyama nzuri iliyo mbele yake ili upate njia, na seli nyingine za kinga zikija na nia ya kuua, hao hao wanazizuia mlangoni. Juu ya hayo, moto waliouwasha hauzimiki. Haumchomi adui, unavujisha maji tu kutoka kwenye mishipa, na ubongo unavimba ndani ya mfupa usio na nafasi.

Yote hayo Daktari aliyajua kwa moyo. Hata hivyo mate yalimjaa mdomoni, mate ya chumvi yale yanayotangulia kutapika. Zile seli za saratani alikuwa ameziangalia bila chuki. Zilifanya kile ambacho maadui huzaliwa kukifanya. Hizi za kahawia ndizo zilizomchafua roho, kwa unene wao, kwa ule utulivu wa kula mahali zilipowekwa kulinda. Alimshukuru Profesa, akatoka, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, ilhali hakuwa amegusa kitu.

Nyumbani kwa Cheche walimsubiri sebuleni: Cheche mwenyewe na kilemba cha bendeji, mkewe, na mdogo wao wa mwisho. Mke wa Cheche alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache; yeye na Daktari waliitana wifi na kupendana kwa adabu. Huyo mdogo wa mwisho aliitwa Bosi tangu akiwa mtoto, kwa tabia yake ya kukalia kiti cha baba. Alikuwa mtu wa biashara za msimu. Aliuza simu, akauza machujio ya maji, na wakati huo alikuwa ameingia kwenye kinywaji cha kuongeza kinga ya mwili, alichokitengeneza mwenyewe.

Walimwomba Daktari awaeleze kwa lugha yao. Akawaeleza, na hapo ndipo alipojikwaa, kwa maana alieleza sana. Angeweza kusema kuna uvimbe, kuna mionzi, kuna vidonge, basi. Lakini kile kioo kilikuwa bado kinamzunguka kichwani, akajikuta anawasimulia walinzi: jinsi wanavyoitwa, wanavyofugwa, wanavyonenepa. Kisha akasisitiza vidonge. Vidonge vile vya steroidi havimalizi uvimbe, alisema, vinapunguza ule moto na yale maji, na mtu haviachi ghafla hata ajisikie mzima vipi. Wifi aliitikia kwa kichwa. Cheche alikuwa anatazama mikono yake. Bosi peke yake ndiye aliyekuwa amesogea mbele ya kiti, macho yanang'aa.

"Kumbe walinzi wapo," Bosi akasema. "Wamechoka tu. Wanataka nguvu."

Daktari alimwambia kwamba hakumwelewa, kwamba ni kinyume chake. Bosi akakubali haraka, kama anavyokubali mtu aliyekwisha kupata anachokitaka.

Mionzi ikaanza, na vidonge vikafanya kazi yao. Maneno yakamrudia Cheche, nyundo ikawa nyundo. Lakini vidonge hivyo vina bei yake mwilini. Uso ulimvimba ukawa mviringo kama sinia, shingo ikanona nyuma, tumbo likatoka mbele, miguu ikabaki vijiti. Njaa ikamwingia isiyo ya kibinadamu. Alikula akamaliza, akaangalia sahani za wengine. Usingizi ukamkimbia na hasira ikachukua nafasi yake. Yule mtu wa utani akawa anamtukana mkewe kwa chumvi kuzidi, kwa mlango kugonga, kwa cherehani kulia. Wifi aliyasema hayo kwa Daktari mara moja tu, kwa mkato, huku anakunja nguo, na Daktari akamwambia avumilie, ni dawa, siyo yeye.

Kisha, kama kwa muujiza, nyumba ikatulia. Daktari alipokwenda kuwatazama alimkuta kaka yake amepungua uso, anamtania binti yake mdogo, na wifi anaimba jikoni. Alifurahi. Kilichomsumbua ni harufu. Nyumba ilikuwa na harufu nzito, tamutamu, ya kitu kilichochacha, kama matunda yaliyosahauliwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambaa kibichi cha kupigia deki. Yeye aliyezoea harufu zote alijikuta anapumulia mdomo. Akauliza. Wifi akasema bomba la kuoshea vyombo limeziba. Daktari alimwamini, au alitaka kumwamini, kwa sababu alikuwa amechoka na kaka yake alikuwa anacheka.

Simu ilimfikia akiwa kazini, kabla ya saa ya chai. Wifi hakulia. Alisema tu kwamba haamki, na kwamba ametapika.

Daktari alipoingia chumbani, harufu ile ilimpokea mlangoni na nusura imrudishe. Cheche alikuwa amelala ubavu, anakoroma kwa sauti ya maji, jicho moja limefunguka kidogo na halioni. Matapishi yalikuwa yamesambaa kwenye mto na shuka, rangi ya udongo, yana nyuzinyuzi na vipande vya magome visivyotafunika, yanatoa povu pembeni. Yalikuwa yamemwingia sikioni. Daktari akamgeuza, akaingiza vidole mdomoni mwake kumsafishia njia ya hewa, na vidole vikatoka na ute wa kahawia unaonata. Hapo akaelewa kwamba hakuna bomba lililoziba; harufu ile ilikuwa ya kinywaji cha Bosi.

Walipokuwa wanamwinua kumtoa, godoro lilisogea. Kati ya godoro na ubao wa kitanda palikuwa na donge. Ni vidonge. Vilitemwa vikiwa vimelowa mate, kimoja juu ya kingine, siku baada ya siku, vikashikana na vumbi na nywele na uzi wa cherehani vikawa kitu kimoja cheupe chenye ukungu. Daktari alikichukua kwa kitambaa akakitia mfukoni mwa koti lake. Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Hakuuliza ni nini.

Hospitalini, daktari wa upasuaji aliangalia picha mpya, akatikisa kichwa. Uvimbe wenyewe haujakua sana, alisema, ila ubongo umejaa maji na umesukumwa upande mmoja. Dawa ile ile aliyoikataa mdomoni ikapitishwa kwenye mshipa. Wakasubiri. Wifi alikaa kwenye benchi la korido akisema neno moja tu, kwamba ni Bosi, ni Bosi aliyemwambia mume wake kwamba vidonge vinaua kinga, ni Bosi aliyeleta madumu. Jina lile alilitamka kama mtu anayetema ganda.

Cheche alifumbua macho baada ya siku kadhaa, akaomba maji kwa jina lake sahihi. Daktari alihakikisha kwamba amezinduka kweli, akambusu mkono, kisha akatoka kwenda kumtafuta mdogo wake.

Bosi alikodi stoo nyuma ya ghala moja la mbao. Mlango ulikuwa wazi. Madumu ya plastiki yaliyowahi kubeba rangi ya nyumba yalijipanga ukutani, mengine yamevimba kwa gesi. Kinywaji kilikuwa ndani ya beseni kubwa la kufulia, kinachemka chenyewe bila moto, na juu yake nzi wamefanya ukoko. Bosi alikuwa amekunja mikono ya shati lake jeupe la kuuzia, anakoroga kwa mkono mtupu mpaka kwenye kiwiko. Kwenye ngozi yake palikuwa na vipele vyekundu alivyokuwa anavikuna kwa mkono huo huo, kisha anaurudisha ndani.

"Shikamoo, Dada," akasema.

Daktari hakuitikia. Alitoa lile donge, akalifunua kwenye kitambaa, akaliweka juu ya dumu mbele yake. Akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba nusura amuue mtu. Kwamba amechukua maneno aliyoyasema yeye sebuleni akayafanya tangazo, na sasa kuna wagonjwa wa watu wangapi wanaokunywa uchafu huu na kuacha dawa.

Bosi aliliangalia lile donge kwa muda. Ndipo akachukua kikombe, akachota katika beseni akiwasukuma nzi kando kwa ukingo wa kikombe, akanywa chote. Koo lake lilipanda na kushuka. Ute ukamkaa kwenye masharubu.

"Mimi nakunywa kila siku," akasema. "Siuzi nisichokunywa."

"Umemwambia aache vidonge."

"Sikumwambia mimi." Alijifuta mdomo. "Aliniita yeye. Alikuwa ameshaanza kuvitema kabla sijapeleka dumu hata moja. Akasema, Bosi, nipe sababu. Mke wangu ananisimamia na glasi ya maji, nipe kitu cha kumwambia. Ndiyo nikasema yale ya kinga mbele ya wifi yako. Nilidhani na dawa yangu itamsaidia, Dada. Mpaka leo nadhani."

Daktari alitaka kusema kwamba ni uongo, lakini alimjua Bosi akidanganya; akidanganya huwa anatabasamu. Alitazama ule ute kwenye masharubu, unakauka. Akatoka nje upesi, akashika ukuta wa ghala, na yule aliyekuwa hajui kinyaa akatapika kwenye maganda ya mbao mpaka tumbo likabaki halina cha kutoa. Bosi alimletea maji kwa kikombe kile kile. Akakisukuma.

Alirudi wodini. Cheche alikuwa ameegemezwa mito, dripu mkononi, uso umeanza tena kujaa. Daktari akamuuliza moja kwa moja kama kweli ni yeye aliyeanza kuvitema vidonge, naye hakuzunguka.

"Wewe umeniona nilivyokuwa," Cheche alisema. "Hukuona yote. Siku moja mtoto alibakisha chakula, akakitema kwenye sahani kikiwa kimeshatafunwa. Nikakila. Yeye ananiangalia. Siku nyingine nikainua pasi ya moto, nikamwonyesha mama yake. Sikumpiga. Lakini niliinua, na nilitamani. Nikijiangalia kwenye kioo naona mtu aliyenimeza. Nikasema bora nife mwembamba."

Daktari alimwambia kwamba dozi inaweza kupunguzwa polepole, kwamba ipo dawa ya usingizi, kwamba angemwambia yeye yote yangewezekana. Cheche akasema hayo angemwambia nani, mdogo wake anayetazama watu vipande vipande na hashtuki? Aliogopa kwamba hatamwelewa. Maneno hayo yalimchoma Daktari kwa sababu hayakusemwa kwa ubaya.

Baadaye Cheche akamuuliza kuhusu wale walinzi. Siku ile sebuleni alikuwa amesikia, alisema, ila maneno yalikuwa yanamkimbia. Ni kweli kwamba nusu ya kile kitu ni yeye mwenyewe? Akajibiwa ni kweli. Akataka kuona.

Profesa hakupenda, lakini aliruhusu. Daktari alimsukuma kaka yake kwa kiti cha magurudumu kupitia korido ndefu ya chini, wakapita jokofu na ndoo, na Cheche akakunja pua kwa harufu ya fomalini akauliza kama huwa anarudi nyumbani kwa mumewe ananuka hivi. Ulikuwa utani wake wa kwanza tangu aamke. Akainamishwa kwenye darubini, Daktari akawa upande wa pili, akimwonyesha kwa kimshale kidogo: hizi za buluu ndizo mbaya, hizi za kahawia ni zako.

Cheche aliangalia sana, hata Profesa akainua macho.

"Wamenona kama mimi," Cheche akasema.

Kisha akaomba kitu cha kutemea. Daktari akamshikia kidumu cha taka na Cheche akatema mara moja, kwa nguvu, kama fundi anavyotema vumbi la chuma mwisho wa kazi.

Tangu hapo alikunywa vidonge. Daktari wa upasuaji alivipunguza kidogo kidogo, usingizi ukapatikana, hasira ikalegea. Alipata muda mzuri wa kutosha kumaliza geti moja akiwa amekaa kitini, akiwaelekeza vijana wake kwa fimbo. Harufu ya mpira ilirudi. Kisha maneno yakaanza kuondoka tena, na safari hii hayakurudi. Alifariki mchana, nyumbani, binti yake akiwa shuleni, wifi amemshika mkono mmoja na Daktari ameushika wa pili. Alikuwa mzito, walihitaji watu kumwinua.

Siku ya mazishi watu walijaa uani. Bosi alikuja na shati lake jeupe, mikono yake ina makovu ya vipele. Daktari alimtazama kwa mbali, akamwona anainamia mwombolezaji mmoja, mtu mzima mwenye mkongojo, akimnong'oneza, na mkono unaingia mfukoni na kutoka na kadi. Kabla Daktari hajasogea, Bosi alikwishafika mbele ya mjane kumpa pole. Alinyoosha mkono. Wifi akautazama ule mkono, kisha akatema mate, yakatua kwenye kiatu cha Bosi, mbele ya watu wote.

"Uliniulia mume," akasema.

Daktari alimwangalia Bosi akifungua mdomo. Neno moja lingemtosha. Alikuwa na haki nalo, na Daktari alikuwa shahidi. Lakini Bosi aliufunga mdomo, akainama, akasema nisamehe shemeji, akatoka nje ya uzio na mate yale yakiwa bado kwenye kiatu. Watu wakamfungulia njia kwa upana, kama wanaompisha mwenye ugonjwa. Daktari naye hakusema kitu. Alisimama pale pale, na kinyaa kilichokuwa kinamtafuta Bosi kikamgeukia yeye.

Hakuweza kulibeba jambo hilo. Baada ya wageni kupungua, siku za matanga zimekwisha, alikwenda kumsaidia wifi kutoa vitu chumbani. Walikuwa wameegemeza godoro ukutani. Daktari akamwambia kwamba kuna jambo lazima alijue, kwamba Bosi ni mchafu wa kila namna na yeye mwenyewe amekwisha kumpeleka kwa wakaguzi wa dawa, ile stoo imefungwa. Lakini katika hili moja alionewa. Akamweleza alichoambiwa na Cheche wodini, mpaka lile donge.

Wifi aliendelea kusugua ubao wa kitanda. Alipomaliza upande mmoja akakamua kitambaa.

"Vidonge niliviona," akasema. "Nilivikuta nikibadilisha mashuka, mwanzoni kabisa, vichache. Nikavirudisha pale pale."

Daktari alidhani hakusikia vizuri.

"Alikuwa ameacha kunitukana, wifi. Alikuwa ameacha kumtazama mtoto vile. Nikasema, wiki hii tu. Kisha wiki ikapita, akanitania, nikasema nyingine." Alihamia upande wa pili wa ubao. "Hata kile kinywaji nilikuwa nakichuja mimi. Kilikuwa kinanuka, nikawa nakitia sukari ili kimpite."

"Na Bosi uliyemtemea mate?"

"Nilitaka mtu wa kumtemea."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, akatumbukiza kitambaa kwenye ndoo. Maji yalikuwa yamechafuka, yana utando juu. Daktari aliyaangalia, akasikia yale mate ya chumvi yanamjaa tena, akayameza. Akainua ndoo, akaenda kuimwaga nje, akarudi na maji masafi, akapiga magoti upande wake wa kitanda.